Hati ya Kutokuwapo

Nchi ya Shwari haina tatizo lolote, na anayesema linalo ndiye tatizo lenyewe. Zamani matatizo yalikuwepo, tena tele, lakini Bunge lilikaa kikao kimoja cha alasiri likayafuta yote kwa sheria, wajumbe wakapiga makofi, wakaenda kula. Tangu siku hiyo Washwari wamekatazwa kuwa na wasiwasi. Wanaruhusiwa kuwa na hamu, na ari ya maendeleo, na kwa kibali maalumu, mafua.

Utauliza, sasa nchi kama hiyo inasomaje riwaya za taharuki? Inazisoma vizuri sana. Sheria inataka mwisho wa riwaya uchapwe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, ili msomaji asikae roho juu. Raia anafungua kitabu, anaona kwamba mwizi amekamatwa, mgonjwa amepona na mkuu wa wilaya amepongezwa, kisha anasoma kurasa mia mbili zilizobaki akiwa ametulia tuli. Wengi huishia ukurasa huo huo wa kwanza, na wizara inahesabu hayo kuwa mafanikio.

Kazi hii yote ilikuwa mikononi mwa Idara ya Uhakiki, na katika idara hiyo hakuna aliyemzidi Bi Siwema Ngaluma kwa uzoefu. Miaka ishirini na miwili alikalia kiti kile kile akisoma kila mswada neno kwa neno, maana hiyo nayo ni sheria: mswada wa riwaya lazima usomwe wote na ofisa wa Serikali, asiruke hata nukta. Barua za malalamiko ndizo hazisomwi. Hizo zinapokelewa dirisha namba nne, zinagongwa muhuri, halafu zinapelekwa kantini kuwashia jiko la chai.

Akishasoma, mhakiki hujaza Hati ya Kutokuwapo. Humo anathibitisha kwamba watu waliotajwa hawapo, mahali palipotajwa hapapo, na mambo yaliyosimuliwa hayakutokea. Kwa mujibu wa kanuni anatakiwa aende mwenyewe hadi mahali hapo, asimame, atazame, ajionee kwa macho yake kwamba hapapo. Bila shaka hakuna aliyewahi kwenda. Bi Siwema alizijaza hati zake kantini, kati ya kikombe cha kwanza na cha pili, na kwa miaka yote hiyo alishafuta visima, shule mbili, kivuko kimoja na vijiji vitatu. Usiku alilala vizuri tu.

*

Mswada uliomtia kiwewe uliletwa na mshona sare za shule aitwaye Asumini Mbwana. Ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Aliiandika kwa mkono nyuma ya karatasi za kukatia vitambaa, akaishona ubavuni kwa cherehani, na juu akaandika jina: *Geti la Kijani*. Kwenye fomu, palipoulizwa aina ya kitabu, alijaza "taharuki". Palipoulizwa sababu ya kuandika, alijaza "hamu". Karani akaona hakuna kosa, akaupitisha.

Bi Siwema alianza kwa kuuponda, kama ilivyokuwa desturi yake kwa waandishi wachanga. Pembeni aliandika: *Mama huyu ana wasiwasi tangu sentensi ya kwanza, mwandishi hajui kuchochea hofu kidogo kidogo. Sentensi zinagongana. Gari limeelezwa mno. Nani anataka kujua kwamba limebonyea mlango wa nyuma?* Alijisifu moyoni kwa maoni hayo, akageuza ukurasa.

Hadithi yenyewe haikuwa na mizunguko. Mama anamtuma mwanawe wa miaka kumi na tisa, Chande, akanunue uzi wa bluu. Juma lililotangulia kijana alisimama kwenye mkutano wa mtaa akamuuliza diwani swali, na diwani akacheka, akaandika jina lake. Sasa gari jeupe lisilo na namba linasimama mbele ya duka, wanaume wawili wanashuka, na watu wote dukani wanaanza kusoma maandishi kwenye mifuko ya sabuni. Mama anakwenda kituo cha polisi. Anaambiwa kwamba kupotea ni tatizo, na matatizo yalishafutwa, kwa hiyo aende nyumbani akamsubiri. Anazunguka ofisi kumi na moja. Ya kumi na mbili inamfungia mlango.

Hapo mama anaachana na ofisi, anaanza kuwauliza wauza mikate, kwa sababu anajua kwamba watu hata wakifichwa wapi watakula. Mmoja anamnong'oneza kuwa nyuma ya kinu cha zamani cha pamba kuna geti la kijani lisilo na bango, na kila asubuhi anapeleka pale mikate kumi na sita. Mama anakwenda, anasimama ng'ambo ya barabara. Kesho yake anakwenda tena. Siku ya tatu anagundua kwamba kuna mtu naye anasimama nyuma yake, na anaporudi nyumbani mtu huyo anarudi naye, hatua kumi nyuma, bila haraka.

Bi Siwema aligundua chai yake imepoa. Alikuwa ameacha kuandika pembeni. Mikono ilimtoka jasho, jambo ambalo kwa ofisa wa daraja lake ni kosa la kinidhamu. Akafika ukurasa wa sitini na moja, na pale, katikati ya aya, mwandishi alikuwa ameacha hadithi akamgeukia yeye:

*Wewe unayesoma, najua huwezi kuruka neno, umekatazwa. Basi soma na hili. Mkate unafika saa moja kasorobo. Nenda kahakikishe kwamba hapapo.*

Baada ya hapo zilikuwa kurasa tatu tu, mama bado amesimama barabarani, halafu karatasi nyeupe. Riwaya haikuwa na mwisho.

Siwema alikasirika kweli kweli. Miaka ishirini na miwili hakuna kitabu kilichothubutu kumtuma mahali. Alikaa pale ameshika tama, na polepole akaelewa kilichokuwa mbele yake. Mwanamke huyu hakutunga riwaya hata kidogo. Aliandika malalamiko, na akatafuta dirisha moja tu katika nchi nzima ambalo nyuma yake kuna mtu aliyelazimishwa kusoma.

*

Alifika nyuma ya kinu cha pamba saa moja kasoro dakika ishirini, amevaa viatu vya ofisini, Hati mkononi. Geti lilikuwepo. Lilikuwa la kijani. Mbele yake alikaa mlinzi wa makamo kwenye kiti cha plastiki, kirungu mapajani, akichokonoa meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naulizia hapa ni wapi."

"Hapa hapapo, mama yangu," mlinzi alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Na wewe unalinda nini?"

"Mimi nalinda pale." Akaonyesha kiwanja kitupu ng'ambo, chenye mbuzi mmoja. "Hapa nimekaa tu, kuna kivuli."

Muuza mkate akafika na baiskeli. Mlinzi akainuka, akapokea mikate, akaihesabu kwa macho.

"Na mikate hiyo inakwenda wapi?"

"Inaliwa," alisema mlinzi, kisha akaona karatasi aliyoishika Siwema, uso ukamchangamka. "Kumbe una Hati, mama! Mbona hukusema? Tuna muhuri wake, tuliletewa toka mwaka juzi, hajawahi kuja mtu hata mmoja. Ngoja nikuletee."

Akasukuma geti kwa kiwiko, mikate imemjaa kifuani, na kwa muda wa pumzi tatu lilibaki wazi. Uani vijana walikuwa wamechuchumaa kwa mstari, vichwa vimenyolewa, mikono utosini. Mmoja hakuchuchumaa. Alikaa chini miguu ameinyoosha mbele, imevimba, haikunjiki, na mwenzake mrefu aliyekuwa kando yake alimsogelea mlinzi alipogeuka. Siwema alimtambua yule wa chini kuwa ni Chande, kwa alama aliyoiponda kwenye ukurasa wa nne kuwa ni maelezo yasiyo na kazi: sikio la kushoto lililokatika ncha alipong'atwa na punda utotoni.

Mlinzi akarudi na muhuri, akaupulizia, akaugonga chini ya Hati kwa fahari. HAPAPO. Kisha akamtazama.

"Umeona nini, mama?"

"Sijaona kitu," alijibu Siwema.

Jibu lilimtoka haraka, safi, bila hata kumeza mate. Alipokuwa njiani kurudi ndipo hasira ilipompanda, na sasa haikuwa hasira ya kutumwa na kitabu. Alijichukia. Aliwachukia wale waliochonga muhuri, waliokaa mezani wakajadili ukubwa wa herufi zake, wakanywa soda. Aliwaza visima alivyovifuta na vijiji vitatu. Alijaribu kukumbuka walikuwa wakilima nini huko, au mtoto gani alitajwa kwa jina, na hakukumbuka hata mmoja. Alikuwa amewafuta akitafuna maandazi, na mtu akifutwa namna ile hana pa kwenda kusema kwamba yupo.

*

Mkurugenzi wa Uhakiki, Mheshimiwa Mwinyikai Sanze, alikuwa mtu asiyesoma vitabu, ili asiwe na upendeleo. Alisoma miisho tu. Alimwita Siwema mbele ya kamati, akakohoa, akavua miwani, akaivaa.

"Bi Siwema, ndugu wajumbe. Kitabu hiki ni kizuri. Kina kasoro moja ndogo, nayo ni mama. Mama ana wasiwasi. Katika Shwari mama hana wasiwasi, mama ana imani. Napendekeza mama aondolewe."

"Ni riwaya ya mama, Mheshimiwa. Akiondoka inabaki barabara."

"Barabara ya lami?"

"Ya vumbi."

"Basi mama abaki, ila atulie. Na gari lipewe namba. Na wale wanaume wawili wawe wanamsindikiza kijana kwa heshima." Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaomba yule anayemfuata mama awe anamchukulia kikapu. Likapitishwa kwa kauli moja. "Lakini kubwa kuliko yote," aliendelea Mheshimiwa, "hakina mwisho. Kanuni inasema mwandishi akishindwa kutoa mwisho mwema, mhakiki atautoa kwa niaba ya Serikali. Utautoa?"

"Nitautoa, Mheshimiwa."

"Mwema?"

"Mwema sana," alisema Siwema.

Hapa yafaa nikueleze habari ya Gazeti la Serikali, usije ukaniona mzushi. Miisho yote ya riwaya hutangazwa kwanza humo, na lililochapwa humo ni kweli, hata likiwa la uongo. Maofisa wa Shwari hulisoma kila asubuhi ili wajue wamefanya nini jana na watafanya nini leo. Mwaka mmoja lilichapa kwa makosa kwamba ofisi ya mkoa imewekewa lifti. Jengo lilikuwa la chini tu. Hakuna aliyethubutu kulisahihisha Gazeti, kwa hiyo waliongeza ghorofa tano ili lifti ipate pa kwenda. Mwaka mwingine lilitangaza kifo cha karani aliye hai, na yule bwana akaombwa kistaarabu ahamie mkoa mwingine, na familia yake ikapewa rambirambi.

Siwema aliyajua yote hayo. Alikata shauri, akafunga mlango, akaandika mwisho wa *Geti la Kijani* kwa mwandiko wake bora:

*Siku ya Jumatano, saa nne kamili asubuhi, gari la Serikali lilisimama mtaa wa Kichangani, nyumba namba sabini na mbili, likamrudisha kijana Chande kwa mama yake. Mama akashukuru. Taharuki ikaisha.*

Mheshimiwa Sanze aliusoma mara mbili, na ya pili alitokwa na chozi. "Umeona," alisema, "Serikali imeonekana." Akatia sahihi. Jumanne ukachapwa Gazetini.

*

Jumatano saa tatu na nusu Siwema alipiga hodi Kichangani, namba sabini na mbili. Asumini Mbwana alikuwa mwanamke mwembamba, futi ya kupimia nguo shingoni, macho yasiyolala. Siwema akajitaja, akamwonyesha Gazeti. Asumini akalisoma amesimama.

"Ni wewe uliyesoma?"

"Neno kwa neno."

"Asante," alisema Asumini. Alifagia kizingiti ambacho kilikuwa kimeshafagiliwa, akaweka maji motoni, akarudi mlangoni, akasimama.

Kutwa ya jana na usiku kucha ofisi za Shwari zilikuwa zimehaha, na saa nne kamili gari likatokea. Lilikuwa jeupe, limebonyea mlango wa nyuma, na mbele limefungwa utepe. Nyuma yake zilifuata tarumbeta mbili na ngoma. Akashuka ofisa wa itifaki aliyevaa tai, akafungua mlango, akamtoa kijana mmoja mrefu, kichwa kimenyolewa, amevishwa shati jipya ambalo lebo ya dukani bado inaning'inia. Masikio yake yote mawili yalikuwa mazima.

Siwema aliona mkono wa Asumini ukishika fremu ya mlango.

"Mama, hongera," alisema ofisa. "Kijana mmoja, mzima, kama ilivyotangazwa. Sahihi yako hapa kwenye Hati ya Mapokezi."

"Huyu siye," alisema Siwema. "Bwana ofisa, mmekosea mtu."

"Gazeti limesema kijana, na huyu ni kijana." Ofisa hakukasirika hata kidogo. "Mama akimkataa si neno. Tunamrudisha tulikomtoa, tunaandika kwamba mama mzazi amemkana mwanawe. Ila mniamulie upesi, tarumbeta ni za kuazima."

Siwema akamvuta Asumini kando. "Dada, sikiliza. Ukitia sahihi, Chande amerudi. Kwenye makaratasi amerudi. Huna tena mwana aliyepotea, na hutaweza kumdai mahali popote. Ni mimi niliyeuandika mwisho huu. Nisamehe."

"Na nisipotia, huyu anarudi kule."

Yule kijana alikuwa ametazama chini muda wote. Sasa akainua uso kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Asumini alimtazama. Alimtazama mpaka ofisa akaangalia saa yake. Kisha akavuka kizingiti, akamshika kijana bega, na kwa sauti ya kusikika mtaa mzima akasema, "Marahaba, mwanangu. Umekonda wewe, ingia ndani ule." Akaichukua kalamu, akatia sahihi. Tarumbeta zikalia, ofisa akapiga picha, gari likaondoka na utepe wake.

Ndani, mbele ya sahani, kijana alieleza bila kuulizwa. Jina lake Hamduni. Alikuwa chumba kimoja na Chande. "Alfajiri walikuja wakaita jina lake. Akajaribu kuinuka, miguu ikakataa. Yule mkubwa wao akasema hatuwezi kupeleka kitu kama hiki mbele ya tarumbeta. Akaniambia, wewe, simama." Kijana akasukuma sahani. "Mimi sikutaka, mama. Chande ndiye aliyenisukuma kwa mkono. Akasema nenda, mwambie mama niko hai."

Asumini aliushika ukingo wa meza. Siwema alimwona, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe na Serikali alilia mbele ya watu.

"Anakula?" Asumini aliuliza hatimaye.

"Tunamlisha sisi. Wamebaki wenzangu watamlisha."

"Kwenu wapi?"

"Mikoroshoni. Kwa Bi Zena, muuza vitumbua."

Asumini akasimama, akaukata ule uzi wa lebo kwenye shati la kijana kwa meno yake. "Inuka twende. Mama yako asikae roho juu hata dakika moja zaidi."

Sitasimulia Bi Zena alivyompokea mwanawe. Hayo yana wenyewe. Nasema tu kwamba watu wa Mikoroshoni walifunga madirisha kwa adabu, na kwamba ilipita saa nzima kabla mtu yeyote hajaweza kuzungumza. Bi Zena alikuwa amepiga magoti mbele ya Asumini, na Asumini akamwinua, akamkalisha mkekani, akamweleza yote, mpaka sahihi.

"Kwa Serikali wangu amerudi," alisema. "Siwezi tena hata kumtaja. Lakini wako, Bi Zena, hakuna karatasi inayosema amerudi. Wako bado amepotea. Bado unaruhusiwa kuandika riwaya."

Bi Zena alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mwanamke huyu aliyemletea. Alielewa haraka kuliko kamati nzima.

"Nimdai Hamduni," alisema taratibu, "waniletee Chande."

"Ndiyo."

"Watamleta mwingine tena kama walivyokuletea wewe."

"Wakimleta mwingine, utatia sahihi," alisema Asumini. "Na mama yake ataandika."

Bi Zena akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi kalamu sijui hata inashikwaje."

Bi Siwema Ngaluma, mhakiki wa daraja la kwanza, ambaye ofisini alikuwa tayari ameshatafutwa mara tatu asubuhi ile, akavua viatu, akakaa mkekani, akaweka karatasi juu ya sinia la vitumbua.

"Wewe sema, mimi naandika," alisema. "Anzia asubuhi aliyotoka nyumbani."